Kupanda Mlima Kenya kupitia Kerugoya: mwongozo kwa mtu wa Pwani

Likizo ya Agosti au ya Disemba ikikaribia, makundi yetu ya WhatsApp huanza kupitisha tangazo moja: siku tatu Mlima Kenya, usafiri na chakula ndani, vijana karibuni. Bei huwa nzuri na picha ni za kuvutia. Mimi si mpinzani wa safari hizo. Nimefika Kerugoya mara kadhaa kumtembelea rafiki niliyesoma naye chuo, na mara moja kati ya hizo nikaendelea juu mpaka Lenana. Ningependa kila Mpwani mwenye afya auone mlima ule kwa macho yake. Ila lazima tuambizane jambo moja mapema: siku tatu hazimtoshi mtu aliyetoka usawa wa bahari. Makala hii inaeleza mahali penyewe palivyo, njia za kufikia, na kwa nini siku ni muhimu kuliko nguvu za miguu.

Jiwe lenyewe

Mlima Kenya ni volkano ya kale iliyozimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Wataalamu wa miamba wanaamini kwamba zamani kilele chake kilipita mita 6,000. Mvua, barafu na upepo vikaula mlima kwa muda mrefu, na kilichobaki katikati ni ule uji wa moto ulioganda ndani ya koo la volkano. Hayo ndiyo majabali meusi yaliyochongoka tunayoyaona kwenye picha.

Wapandaji wengi huyaita graniti, au itale kwa Kiswahili cha kamusi. Wenye elimu ya miamba watakwambia ni sayenaiti, ndugu wa karibu wa itale: yote mawili yamepoa polepole chini ya ardhi, yana chembe kubwa zinazoonekana kwa macho, ila sayenaiti haina ile chembe inayong'aa kama kioo, au inayo kidogo sana. Kwa anayepanda tofauti hiyo si kubwa. Jiwe ni gumu, limejaa nyufa za kushika kwa vidole, na halimeguki ovyo kama matumbawe ya ufukweni kwetu.

Vilele ni vitatu vya kukumbuka. Batian ina mita 5,199, na katika Afrika nzima inazidiwa na Kilimanjaro peke yake. Nelion ina mita 5,188. Lenana ina mita 4,985. Majina hayo yanatokana na ukoo wa malaiboni wa Kimaasai: Mbatian, nduguye, na mwanawe Olonana. Batian na Nelion ni za watu wa kamba: unahitaji kofia ngumu, mshipi wa kiunoni, vyuma vya kushikilia kamba na mwenzako aliyefunzwa. Lenana haihitaji kamba. Mtu mwenye afya huifikia kwa miguu yake, na ndiyo inayouzwa kwenye yale matangazo.

Watu wa pwani na mlima ule

Wako watakaosema mlima ni wa watu wa bara na sisi wetu ni bahari. Historia haikubaliani nao. Habari za mlima huu zilifika Ulaya zikitokea kwetu. Johann Ludwig Krapf, mmishenari aliyekuwa na makao Rabai, aliuona kwa mbali kutoka Ukambani tarehe 3 Disemba 1849, na kwa miaka mingi wasomi wa kwao wakamcheka kwa kudai kuna theluji kwenye ikweta.

Halford Mackinder alipokuja kuupanda mwaka 1899, reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ndiyo kwanza imefika Nairobi. Msafara wake ulikuwa wa watu wapatao 170, na 66 kati yao walikuwa Waswahili. Tarehe 13 Septemba mwaka huo Mackinder alisimama juu ya Batian pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Vitabu vinawataja hao watatu. Wale 66 waliosafiri nao hawatajwi ila kwa hesabu.

Usiku wa Uhuru, Disemba 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya huko Lenana. Na kabla yake, Januari 1943, Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa vita katika kambi ya Nanyuki, akiwemo Felice Benuzzi, walitoroka kambini si ili wakimbie nchi, bali wapande mlima, kisha wakarudi wenyewe kujisalimisha. Wawili kati yao walifika Lenana kwa vifaa walivyojitengenezea kambini.

Kisha kuna maji. Mto Thiba unatoka mlimani, unapita Kaunti ya Kirinyaga, unanywesha mashamba ya mpunga ya Mwea, halafu unajiunga na Tana. Tana hiyohiyo inapita Hola na Garsen na kuingia bahari ya Hindi karibu na Kipini. Pishori ya pilau yetu ya harusi hunyweshwa maji ya mlima huu, na mafuriko yanayowahamisha jamaa zetu wa Tana Delta huanzia mvua za huko juu. Mackinder alikuta mito ya barafu ipatayo 18. Nyingi zimekwisha, na ile kubwa inayoitwa Lewis imebaki vipande. Mpwani akienda kuangalia, anaangalia jambo linalomhusu.

Kerugoya, na namna ya kufika

Kerugoya iko kwenye miteremko ya kusini mwa mlima, Kaunti ya Kirinyaga, kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Ni mji wa wakulima wa chai na kahawa. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu, majabali yanaonekana waziwazi. Ikifika saa nne, mara nyingi mlima umejifunika. Wenyeji wanauita Kirinyaga, na kwa wazee wa Kikuyu ni mahali patukufu pa Ngai, ambapo waliomba dua wakielekea huko. Wewe si wa dini hiyo, lakini ukikaribishwa kwa mtu huchezei anachokiheshimu. Usiandike jina lako kwenye mawe, wala usipige kelele za mzaha mbele ya wazee wanapouzungumzia.

Kutoka Mombasa, treni ya SGR inakufikisha Syokimau kwa saa tano au sita. Lala Nairobi au endelea kwa matatu kupitia Thika na Makutano. Ukishika barabara ya Embu utapita katikati ya mashamba ya Mwea, na hapo wengi wetu husimama kununua mchele. Kutoka Nairobi mpaka Kerugoya ni saa mbili na nusu hadi tatu, foleni ikiruhusu.

Ninaipendekeza Kerugoya kwa sababu mbili. Kwanza, iko katikati: ukienda mashariki kupitia Kutus na Embu unafika Chogoria, ukienda magharibi kupitia Karatina unafika Naro Moru na Nanyuki. Pili, na hili ndilo kubwa, kulala usiku mbili pale kabla ya kupanda kunaupa mwili nafasi ya kuanza kuzoea.

Kwa wenye watoto, wazee, au wasiotaka shida ya vilele, juu ya Kerugoya kuna msitu wa Castle, zaidi ya mita 2,000. Kuna maporomoko ya maji, miti mikubwa na mianzi, na mtu anaweza kutembea kutwa na kurudi kulala. Ndovu na nyati wapo, kwa hiyo usiingie bila askari wa wanyama au mwongozaji wa hapo. Njia inayoitwa Kamweti huanzia upande huo na kupanda kuelekea vilele, lakini haina vibanda na watu kama zile njia tatu kuu. Usiijaribu bila ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na mtu anayeijua vizuri.

Njia tatu

Naro Moru, upande wa magharibi, ndiyo fupi na ndiyo wauza safari za haraka wanayoipenda. Unalala kituo cha hali ya hewa, mita 3,050, kisha kambi ya Mackinder, karibu mita 4,200. Kati ya hizo mbili kuna bwawa la matope lililoinuka kama ngazi, linalochosha hata wenyeji. Ufupi wake ndio hatari yake.

Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi, ni kavu zaidi na inapanda polepole. Geti liko mita 2,650, kambi ya Old Moses mita 3,300, na ya Shipton karibu mita 4,200. Kwa anayetoka pwani hii ndiyo ningeichagua kupandia.

Chogoria, mashariki, ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho. Unapita juu ya bonde refu lenye kuta za mawe, na chini yake ziwa Michaelson limetulia kama sahani. Wengi hupanda kwa Sirimon na kushuka kwa Chogoria, na wanaofanya hivyo sijasikia wakijuta.

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya ilianzishwa 1949, na UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 1997. Kiingilio na ada za kupiga kambi hulipwa kwa KWS kupitia mtandao, na viwango hubadilika, kwa hiyo viangalie wiki ya safari. Wakenya hulipa pungufu ya wageni, beba kitambulisho. Kupanda peke yako hakuruhusiwi.

Miezi ya ukavu ni Januari na Februari, kisha Julai mpaka Septemba. Kwa wanaopanda kwa kamba, jua ndilo linaloamua: Julai mpaka Septemba linawaka upande wa kaskazini wa Batian, na Disemba mpaka Machi linahamia upande wa kusini, penye njia ya kawaida ya Nelion.

Siku, si nguvu

Sasa niseme lililonifanya niandike. Katika mita 5,000 hewa unayovuta ina oksijeni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku, na haujali kama wewe ni mchezaji mpira au baharia. Mara nyingi vijana wenye nguvu ndio huumia kwanza, kwa kuwa wanakimbia.

Nilipokuwa kambini nilikutana na kundi la vijana tisa wa upande wetu. Juzi yake walikuwa wameamka Mombasa. Jana walilala kituo cha kwanza, usiku ule wako mita 4,200, na alfajiri walitakiwa wawe Lenana. Saa tano za usiku mmoja wao alianza kutapika, kichwa kinampasua, akitembea anayumba kama mlevi. Aliyewauzia safari alikuwa amewaambia ni uchovu. Mwongozaji, mzee wa Kinyeri mwenye mvi, hakusubiri kuche. Alimfunga koti lake mwenyewe, akamwambia, "Twende, kijana wangu, mlima hauhami," akamshusha gizani na tochi mbili. Alipofika chini ya mita 3,500 kijana akaanza kuongea sawasawa. Wenzake wawili walifika juu. Waliobaki walirudi njiani.

Kuumwa kichwa kidogo, kukosa usingizi na chakula kutopita ni dalili za mwanzo. Ukizipata, baki hapohapo ulipo mpaka ziishe. Ukitapika mfululizo, ukayumba, ukachanganyikiwa, au ukakohoa na kukosa pumzi hata umekaa, maji yameanza kujaa kwenye ubongo au mapafu, na watu hufa kwa hayo. Dawa ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku na hata kama umelipa. Dawa iitwayo acetazolamide husaidia baadhi ya watu kuzoea; muulize daktari kabla ya safari, usipewe tu kambini.

Kanuni inayotumika duniani kote ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiku wa leo usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Kambi za mlima huu zimeachana zaidi ya hapo, kwa hiyo lazima urudie usiku. Ratiba ninayoipendekeza ni hii: usiku mbili Kerugoya, usiku mbili Old Moses, na mchana wa pili upande kidogo kisha urudi kulala, usiku mmoja Liki North, karibu mita 4,000, kwa wenye mahema, usiku mbili Shipton, ndipo saa nane za usiku uanze Lenana. Kuanzia getini ni usiku tano mlimani kabla ya kushuka. Ni ghali kuliko siku tatu. Kama fedha hazitoshi mwaka huu, nenda msitu wa Castle na uweke akiba ya mwaka ujao.

Sikoseli

Hili halimo kwenye tangazo lolote nililoona, na kwetu ni kubwa. Pwani, hasa Kilifi na jirani zake, ni moja ya sehemu za Kenya zenye sikoseli nyingi, kwa sababu ile chembe ya urithi humkinga mtoto na malaria kali, basi ikabaki katika vizazi vya sehemu za malaria. Mwenye ugonjwa wenyewe, aliyerithi kwa baba na mama, asipande huko. Upungufu wa oksijeni, baridi na kukauka maji ndivyo vinavyomletea maumivu makali.

Aliyerithi kwa mzazi mmoja huishi maisha yake bila kujua, na wengi wao hupanda milima salama. Lakini imejulikana kitabibu kwamba wachache kati yao, wakifika juu sana, wengu hukosa damu na kuharibika. Dalili ni maumivu makali ubavu wa kushoto chini ya mbavu. Kipimo ni cha damu tu na hospitali nyingi za kaunti hukifanya. Naomba walimu, viongozi wa madrasa na wa vilabu vya vijana wanaopanga safari hizi wakifanye sharti: kila mmoja apime, na aliyekutwa nayo azungumze na daktari kwanza.

Baridi, chakula na ibada

Joto hupungua kiasi cha nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000. Alfajiri Lenana maji hugandia kwenye chupa. Vaa nguo tatu nyembamba kuliko moja nzito: ya ndani isiwe pamba, maana pamba ikilowa jasho haikauki, ya kati sufi, ya juu ya kuzuia mvua na upepo. Beba glavu, kofia ya masikio, mabuti uliyokwisha kuyavaa wiki kadhaa, begi zito la kulalia, tochi ya kichwani na miwani ya jua. Vingi hukodishwa Nairobi, Naro Moru na Nanyuki. Kunywa lita tatu za maji kwa siku.

Kuni haziruhusiwi. Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mlima, na mimea ya huko juu, kama ile lobelia mikubwa, hukua taratibu mno. Pika kwa jiko la gesi, na taka zote urudi nazo.

Chakula mwambie mpishi wako mapema. Nyama nunua Majengo ya Nyeri au ya Embu, mitaa yenye Waislamu na misikiti tangu zamani, au beba samaki mkavu, maharagwe na tambi. Kibla ni rahisi: kama Mombasa, ni kaskazini, na ukiwa mlimani kinaegemea mashariki kidogo tu. Maji yakiwa yameganda au yakihofiwa kukudhuru, kuna tayammum. Masuala ya kupunguza na kukusanya sala muulize shekhe wako kabla hujaondoka, maana kambini kila mtu huwa mufti.

Wapagazi walipwe haki yao, na uhakikishe wana mahali pa kulala na koti. Mtu anayebeba mzigo wako na kutetemeka kwa baridi usiku ni dhima juu yako.

Mkipata ajali

Mwaka 1970 daktari wa Austria, Gerhard Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu. Ilichukua zaidi ya wiki moja kumteremsha, kwa kazi ya waokoaji wa Kenya na wengine waliokuja kutoka kwao. Rubani wa helikopta, Jim Hastings, alikufa ndege yake ilipoanguka akijaribu kusaidia. Kibanda cha Austrian kilichoko mita 4,790, ambacho wanaopanda Lenana hukitumia, ni shukrani ya uokozi ule.

Leo simu na redio zipo, lakini mtandao hukatika, na helikopta hairuki kwenye mawingu. Basi kabla ya kulipa, muulize mwenye safari maswali manne: tunalala usiku ngapi juu ya mita 3,000? Mwongozaji ana kitambulisho cha KWS? Mmoja wetu akiugua, nani anashuka naye, na waliobaki wanabaki na nani? Na je, mtu akigeukia njiani, anadharauliwa au anapongezwa? Akikosa jibu la hata moja, mrudishie fomu yake na utafute mwingine.